Plato Kubwa kwa Wanaoanza

Jumatatu, 5 Juni 1995

Jana baada ya misa Padri alitangaza kwamba vijana wa parokia watafundishwa mbio za baiskeli, yaani hizi kinga zetu, kwenye njia ya saruji inayozunguka uwanja wa zamani hapa Panda. Anatafuta mwalimu. Aliposema neno mwalimu alinitazama mimi. Nina hakika. Georges anadai Padri alikuwa anatazama saa ya ukutani nyuma yangu. Georges ni jirani yangu na kiongozi wa kwaya. Wivu mtupu.

Nani mwingine kama si mimi? Nilikuwa mkuu wa depo ya vipuri kiwandani, kabla kiwanda hakijanyamaza. Siku hizi kila asubuhi navaa, nafunga kamba za viatu, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Germaine, mke wangu, anapo. Anapanda kinga yake na kwenda Kapolowe kutafuta bunga, yaani unga, wa kuuza na wa kula. Watoto wa mtaani wanamwita yeye patron, yaani bosi. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Jumatano, 7 Juni

Padri alituita wawili, Georges na mimi. Kila mmoja atayarishe kinga moja na mwanafunzi mmoja. Jumapili ya tarehe 18 watazunguka mbele ya watu. Atakayefundisha vizuri kuondoka, kuzunguka na kusimama salama, huyo ndiye mwalimu. Niliuliza mbona hakutaja kasi. Padri akajibu kwamba kasi itakuja yenyewe. Hayo ni maneno ya Georges. Wamekwisha kuonana.

Kinga ya uwanjani si kama ya sokoni. Haina freni, yaani breki. Haina gia za kubadilisha. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka nalo, upende usipende, na ukitaka kupunguza mwendo unazuia kwa miguu. Kwa hiyo kuna mambo mawili tu ya kuchagua: ukubwa wa meno ya nyuma na ukubwa wa plato, lile duara la meno la mbele linalovuta mnyororo. Plato kubwa ni nzito kuondoka, lakini ndiyo yenye kasi. Georges anataka ndogo. Anasema anayeanza anahitaji wepesi, aweze kuondoka mwenyewe na kusimama mwenyewe. Amesoma hayo katika gazeti la Kifaransa lisilo hata na jalada.

Nilimwambia plato ndogo inazoesha watu kuwa wadogo. Akakohoa.

Ijumaa, 9 Juni

Nimepata plato. Kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Ilikuwa kwa Firmin, muuza vyuma wa sokoni, naye aliitundika ukutani kama pambo. Nilimpa koti langu la harusi. Firmin aliniuliza mara mbili kama ni kwa ajili ya kinga kweli.

Kinga sina. Germaine anayo.

Alikuwa kanisani kwa akina mama. Nilitoa freni, kengele, vizuia matope na porte-bagage ya kubebea mizigo. Mnyororo ulikuwa mfupi, nikaunganisha vipande viwili. Gurudumu la nyuma nililipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akalifunga lisizunguke bila pedali. Kazi safi. Depo nzima ingesimama kunipigia makofi.

Germaine aliporudi alisimama mlangoni na kitenge chake begani.

"Papa Orpha, bunga itafika hapa namna gani?"

Nilimweleza kwamba ni kwa wiki moja tu, na kwamba mke wa mwalimu atakuwa mtu mwingine kabisa hapa Panda.

"Minye nakuuliza juu ya bunga."

Kuna watu huwezi kuzungumza nao mambo makubwa.

Jumatatu, 12 Juni

Mwanafunzi wangu ni binti yangu Orpha. Ana miguu ya mama yake, na nilimchagua kabla Georges hajamwona. Leo nimempeleka uwanjani. Alipanda. Alisukuma pedali kwa nguvu zake zote. Kinga haikuondoka. Akaanguka upande wa kushoto. Nikamwambia asukume kwa moyo. Akaanguka upande wa kulia.

Mwishowe nilimshika kiti nikakimbia naye mpaka pumzi ikanikatika. Alikwenda robo ya uwanja. Ilipofika pale njia inapoinuka kwenye kona, miguu ikamshinda, akashuka taratibu mpaka kwenye majani. Goti limechubuka.

"Papa, iyi ni nzito. Tuweke ndogo."

Ndogo! Nani amemfundisha neno hilo?

Alhamisi, 15 Juni

Nimesalitiwa.

Nilipita uwanjani kwa bahati tu, nikasimama nyuma ya ukuta kwa bahati, nikachungulia. Orpha alikuwa juu ya kinga ya Georges. Plato yake ndogo kama kisahani cha chai. Aliondoka mwenyewe. Alizunguka. Miguu yake ilikwenda haraka haraka, kitu cha aibu kukitazama, na uso wake ulikuwa unacheka. Alipotaka kusimama alizuia kidogo kidogo, akashika uzio kwa mkono, akatulia. Georges akampa maji.

Nyumbani nilimuuliza kama hajui baba yake ni nani. Alisema anajua sana. Alisema pia kwamba goti lake linamuuma na kwamba Papa Georges hamwambii asukume kwa moyo, anamwambia mahali pa kutazama. Alinikaribisha niende kesho tuzungumze wote watatu. Nilikataa kula. Baadaye nilikula.

Jumamosi, 17 Juni

Nimeamua. Nitapanda mwenyewe. Padri alisema mwanafunzi mmoja, hakusema umri. Sijawahi kupanda kinga ya uwanjani, kwa hiyo mimi ni mwanafunzi anayeanza, na mwalimu wangu ni mimi.

Vifaa viko tayari. Kofia ngumu ya kiwandani. Soksi juu ya suruali. Miguu isiteleze, nitaifunga kwenye pedali kwa vipande vya chambre à air, ile mipira ya ndani ya magurudumu. Orpha aliona akasema, "Papa, usifunge miguu, utashukaka namna gani?" Anayefikiria kushuka kabla ya kupanda hatafika popote.

Germaine aliondoka jana kwa miguu kwenda Kapolowe. Atalala kwa dada yake, atarudi kesho. Hakuniaga. Nilidhani kwamba angalau angenitakia heri.

Jumapili, 18 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Orpha alitangulia. Aliondoka, akazunguka, akasimama. Watu walipiga makofi ya heshima, kama ya kumsifu mtoto aliyesoma shairi. Kisha mimi. Wanaume wawili wa kwaya walinisukuma. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzito, siwezi kukana. Kisha ile plato ikaamka. Upepo ukaanza kupiga kelele ndani ya kofia. Nilipita mbele ya Padri nikamwona amefungua mdomo. Nilimpita Georges. Mtu hajawahi kwenda hivyo Panda.

Hapo nikataka kupunguza. Miguu ilizuia. Plato ikakataa. Nikazuia kwa nguvu zaidi, pedali ikanirusha mpaka nikakaa juu ya usukani. Kona ikafika. Mbele yangu kulikuwa na geti, na mtu asiye na akili alikuwa ameliacha wazi. Nilitoka nje ya uwanja.

Barabara ya kutoka uwanjani inateremka. Nilipiga kelele watu wapishe, wakapisha. Katikati ya mteremko niliona mwanamke anapanda kuja kwetu, mfuko wa bunga kichwani, kitambaa kimelowa jasho, viatu mkononi. Germaine.

Nilimpita. Hakukuwa na namna nyingine. Nilimwambia bonjour. Hakugeuka, kwa sababu ya mfuko. Macho yake tu ndiyo yaliyogeuka.

Nilisimama kwenye mihogo ya Mama Suzanne, iliyotandazwa chini ikauke. Mkono umevunjika. Miguu ilibaki imefungwa kwenye pedali, na Georges ndiye aliyekuja kukata ile mipira kwa kisu. Alikuwa amekimbia njia yote. Aliniuliza kama naumia. Maswali yake ni ya namna hiyo.

Jumanne, 20 Juni

Padri amemchagua Georges. Orpha atafundisha wasichana. Mimi nimepewa kazi ya kushika viti vya kinga wanaoanza wanapoondoka, mkono ukipona. Kushika viti! Mkuu wa depo.

Tangu Jumapili Germaine amenifulia, amenilisha, amenifunga mkono. Leo jioni alikaa kwenye kigoda mbele yangu. Hakuniita Papa Orpha.

"Magloire. Minye nilitembea na bunga ku kichwa. Weye ulinipita na kinga yangu."

Nilitaka kumweleza juu ya geti. Alikuwa ananitazama tu. Nikasema mkono unauma. Aliinuka akaongeza mto chini ya mkono wangu. Alinyoosha vizuri kitambaa nilichofungwa. Usingizi ulichelewa sana kuja.

Jumamosi, 24 Juni

Kinga imerudi kama zamani. Freni, kengele, kila kitu. Georges aliitengeneza uani kwangu, mbele ya macho yangu, huku anapiga mluzi wa kwaya. Asubuhi Germaine aliipanda, akapiga kengele moja kwenye kona, akaenda. Nilifurahi kumwona anakaa badala ya kutembea. Naandika hilo ili ijulikane kwamba mimi si mtu mbaya.

Nimefikiri sana juu ya ajali. Watu wote wanasema plato ilikuwa kubwa mno. Hawajui vipuri. Ingekuwa kubwa kweli, nisingepata ile kasi ya wastani, ile ya hatari, isiyo ya polepole wala ya ushindi. Ningekuwa nimekwisha kuipita. Kosa ni kwamba ilikuwa ndogo.

Mchana walileta mashine ya kushona ya Mama Colette, shemeji yangu wa Kapolowe. Padri amemwomba Germaine ashonee wanafunzi mashati. Nimeikagua vizuri. Chini, mahali pa miguu, ina gurudumu la chuma, pana kama sinia la harusi. Lingechongwa meno tu.

Nimemwambia Orpha kwamba mashine inalia kidogo na Jumatatu nitaipeleka ikatiwe mafuta. Alisema haijalia. Nikamwambia asubiri.