Bingwa Apimwa Tabia

Mmeniganda kama ruba: "Bibi, tuandikie ya Bingwa!" Mimi na kalamu wapi na wapi? Lakini mkiandika nyinyi mtamwonea huruma, na huruma hakustahili. Haya, someni!

Duniani hajazaliwa mtu mwenye tabia njema kumshinda Bingwa. Muulizeni mwenyewe! Pale kwenye kiwanda cha sabuni, alikokuwa akikata miche, upole wake ulisikika mpaka getini, kwa jinsi alivyoutangaza kwa makelele.

Basi msimamizi wa zamu akastaafu. Kiti kikawa wazi, na Bingwa moyoni alishakikalia kitambo. Suti alishashonesha. Mama mkwe alishaamriwa amwite "Bosi". Kumbe mwenye kiwanda kaleta mwanasaikolojia, dada mmoja mtaratibu, apime nani anafaa kuongoza watu!

"Kupimwa tabia?" Bingwa akacheka. "Kwani tabia ni presha?"

Lakini kulikuwa na sharti. Kila aliyeitwa aje na mtu anayemjua vizuri, na anayemjua Bingwa ni mkewe, mfungaji sabuni hapo hapo kiwandani. Nyumbani akamketisha kitandani kama mwanafunzi.

"Utasema matatu. Moja, mimi mpole. Mbili, sijui hasira. Tatu, nasikiliza watu bila kuwakatiza."

"Lakini baba, juzi si uli..."

"Nyamaza! Rudia!"

Siku ikafika. Dada akaanza na maswali. Umewahi kukasirika? Kamwe! Kusema uongo, hata mdogo? Kamwe! Kumsengenya mtu? Ulimi ukauke, kamwe!

Dada akavua miwani. "Kaka, watu wasio na kosa hata moja mimi huwasikia misibani tu, wakisomewa wasifu."

"Asante sana," akajibu Bingwa, akidhani kasifiwa!

Zikaja karatasi zenye madoa ya wino.

"Hapa unaona nini?"

"Kipepeo!" Karatasi hata haijageuzwa! Kinyozi wake ndiye aliyemdokeza kuwa jibu ni kipepeo.

"Na hapa?"

"Kipepeo!"

"Na hii?"

"Kipepeo, ila huyu kanona!"

"Hii ni leso yangu, kaka."

Mke akaitwa, akakaa ncha ya kiti, mikono inanukia sabuni.

"Dada yangu, mumeo ni mtu wa namna gani?"

"Ni mpole."

Bingwa akamkonyeza: twende kazi!

"Hajui hasira."

La tatu limeyeyuka! Mke akatazama dari, dari nayo haikujua. Bingwa jasho likamtiririka ndani ya suti. Akaona kiti kinampungia mkono wa buriani.

"Na... na huwa ana..."

"Nasikiliza!" Bingwa akaruka, akaipiga meza mpaka miwani ya dada ikaanguka. "Nasikiliza watu bila kuwakatiza! Nimekufundisha mara ngapi, mwanamke wewe? Kichwa chako kina matundu?"

Dada akaokota miwani, akaipuliza vumbi polepole.

"Asante, kaka. Hapa nilitaka tu kuona kama unaweza kunyamaza mwenzako akikuzungumzia. Nenda." Mke naye akainuka. "Wewe kaa. Karatasi hii unaonaje?"

Mke akaikagua juu chini. "Mtu kamwaga wino, na wa kufuta hajatokea."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu!

Leo zamu ile ina msimamizi mpya. Bingwa akitaka ruhusa anapanga foleni nyuma ya vibarua kama wengine. Msimamizi humtazama usoni, humsikiliza mwanzo hadi mwisho, hamkatizi hata kidogo.

Kisha humwambia, "Hapana, mume wangu. Rudi kwenye mashine."

Mimi nimemaliza. Sasa na wewe unayekenua meno hapo, nenda kamuulize wa nyumbani kwako wewe ni mtu wa namna gani. Mwache amalize! Ukimkatiza, rudi uniombe radhi kwa kumcheka Bingwa.