Mhakiki wa Kazi Namba Tatu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Darasa la uzamili wa uhasibu, kituo cha chuo hapa Garsen. Feni moja, wanafunzi watano, joto la kuivisha mayai. Dkt. Pauline, anayetufundisha uandishi wa kitaaluma, kanirudishia insha yangu juu ya thamani ya ng'ombe katika vitabu vya hesabu. Pambizoni, kwa wino mwekundu: hoja iko wapi?

Nikamwonyesha. Ukurasa wa sita.

Akauliza kurasa tano za mwanzo ni za nini. Nikamweleza kwamba ni habari. Hali ya mto, majani ya malisho kule Ndera, afya ya mifugo, afya ya msomaji mwenyewe. Kwetu Waorma, anayetaja shida yake kabla ya kuuliza habari ni mtu ambaye nyumba yake inaungua. Akasema msomi huanza na hoja hata kama nyumba iko salama.

Alikataa na mengine. Neno "mimi", ambalo anadai limejaa kama mbung'o. Neno "wapuuzi", nililowaita waliotunga kanuni za uhasibu. Na marejeleo yangu yote, kwa sababu ni barua zangu mwenyewe kwa wahariri wa magazeti. Nikamuuliza kama anamjua mwingine aliyeandika juu ya jambo hili kwa ujasiri kunizidi. Akasema ujasiri si chanzo.

Hali yenyewe ni hii. Muhula uliopita nilianguka somo hili. Nikianguka tena, natolewa chuoni. Na chama chetu cha ushirika cha soko la mifugo kinataka mhasibu mkuu mwenye shahada ya uzamili. Tunaoitaka nafasi hiyo ni wawili: mimi, na Katana Fondo, ambaye kazini ananikalia mkono wa kulia na darasani ananikalia mkono wa kushoto. Katana hupiga pasi soksi.

Mke wangu Abdia ameshashona pazia la ofisi ya mhasibu mkuu. La kijani.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata mpango. Lorna, mwenzetu wa darasani anayeshika hesabu za wakulima kule Ngao, anaijua hiyo lugha ya kitaaluma iliyopoa. Nimempigia simu. Ataninyooshea insha, nami nitamfundisha hesabu za kodi, ambazo zinamuumiza kichwa. Akaniambia, "Lakini Mzee, uisome kabla ya kuipeleka." Nikasema bila shaka.

Jumatano, 10 Septemba

Insha imerudi kwa barua pepe. Sikuifungua. Sikuwa na moyo wa kumtazama ng'ombe wangu akichunwa. Nikaituma moja kwa moja kwa Ikhlas, karani wa kituo, aichape.

Jioni, tangazo kutoka kwa Dkt. Pauline. Mada ni moja kwa wote, thamani ya mifugo, kwa hiyo kila kazi itaondolewa jina na kupewa mwanafunzi mwenzako aihakiki. Mhakiki ataamua: ipite au isipite. Atoe sababu. Jina lake litabaki siri.

Nililisoma tangazo hilo kwa raha. Niliona soksi za Katana zikipoteza mkunjo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilifika ofisini kwa Ikhlas na kopo la samli. Akauliza ya nini. Nikasema ni zawadi ya mama yake. Akasema mama yake ana presha, samli amekatazwa. Nikasema basi ni yake. Akaipokea, akaiweka chini ya meza, akaniuliza tena ni ya nini.

Nikamwambia nataka kuhakiki kazi ya Katana. Akasema haijui ni ipi. Ameshafuta majina na kuandika namba, na orodha ameifunga hadi siku ya kugawa. Nikamwomba aniachie nichague mwenyewe. Akafikiri, akatazama kopo, akasema, "Chagua, Mzee Suleiman. Lakini ukichukua yako, shauri yako."

Nilicheka sana. Yangu ningeitambua hata gizani. Ingeniunguza vidole.

Namba moja imejaa majedwali. Namba mbili inazungumzia mbuzi. Namba tatu: "Utafiti huu unapendekeza kwamba..." Sentensi ya pili: "Inaonekana kwamba..." Sikuhitaji kuendelea. Huyo ni Katana mtupu. Mvua ikimnyeshea, Katana husema inaonekana kuna dalili za unyevu.

Nikaikwapua, nikatoka nikipiga mluzi.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nilikaa kuandika hadi chai ikapoa. Sijawahi kufurahi hivi tangu nilipomjibu yule mhariri aliyenikata aya mbili.

Sikumpa habari za mto wala za majani. Adui haulizwi habari. Nilianza: "Kazi hii isipite." Kisha nikamshika ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa pili anasema ng'ombe aandikwe kwa bei ya soko ya leo. Leo ipi? Ya mvua, au ya kiangazi, ng'ombe anapouzwa kwa bei ya mbuzi? Nikamtajia vitabu vitatu vya kanuni, na kurasa zake. Ukurasa wa nne anapendekeza kila mfugaji aulizwe idadi ya ng'ombe wake, na hakuna mfugaji wa Tana atakayemtajia mgeni idadi hiyo, hata akifungwa kamba. Ukurasa wa tano kuna "mnyama wa mfano", bila rangi, bila jina, bila pembe. Nikahitimisha kwamba mwandishi huyu hajawahi kumkaribia ng'ombe isipokuwa kwenye mchuzi.

Nimemsomea Abdia. Akasema anamhurumia aliyeandikiwa. Nikamwambia ndiyo nia.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya fahari, kwa dakika chache.

Dkt. Pauline alisema amepokea hakiki moja ambayo ni mfano wa uandishi wa kitaaluma. Akaisoma. Yangu! Hoja iko sentensi ya kwanza, alisema. Kila shutuma ina ukurasa wake, kila kanuni ina chanzo chake. Mzaha wa mchuzi tu ndio aliotaka uondolewe. Nilitazama dari, kama mtu asiyejua lolote. Katana akaninong'oneza, "Mzee wangu, huyo mhakiki ni moto. Maskini aliyeangukiwa."

Nikamwambia avumilie, ndiyo masomo.

Kisha tukagawiwa bahasha. Katana akafungua yake, akatabasamu: ipite. Nikafungua yangu.

"Kazi hii isipite."

Niliisoma hadi kwenye mchuzi. Hakuna neno lililobadilika. Mlangoni Ikhlas alikuwa anatazama nje kwa makini sana, na nje hakukuwa na kitu. Lorna akaja kuniuliza kama kuna tatizo. Nikamuuliza yule fahali mwekundu wa marehemu ami yangu, niliyemwandikia kurasa mbili nzima, amekwenda wapi. Akasema amemgeuza kuwa mnyama wa mfano, ndivyo inavyotakiwa, na kwani sikuisoma?

Siwezi kusema ukweli. Nikisema, itajulikana nilichagua mwenyewe, na samli itatajwa.

Utaratibu uliobaki: mwandishi amjibu mhakiki wake kwa adabu kabla ya Jumatano kwisha. Mhakiki ataridhika au hataridhika, na neno lake ndilo la mwisho.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemweleza Abdia. Alicheka hadi akashika nguzo. Alipopata pumzi akasema, "Baba Bishara, mwandishi ni wewe na hakimu ni wewe. Tatizo liko wapi?"

Nililitafakari. Mwanamke huyu angekuwa waziri. Nijibu chochote, nijiridhie mwenyewe, pazia litundikwe. Hakuna mpango wangu hata mmoja uliowahi kutoka vizuri hivi.

Jumatano, 17 Septemba

Nilikusudia ukurasa mmoja wa shukrani. Lakini mtu hajibu hakiki bila kuisoma tena, na nilipoisoma nikafika kwenye mchuzi.

Mimi, mwana wa Kuno, sijawahi kumkaribia ng'ombe? Mimi niliyezaliwa zizini? Na yule asemaye hivyo ni nani, na amejificha nyuma ya nini?

Nimejibu kurasa tisa. Nimesema mhakiki ana kelele nyingi kuliko akili. Nimesema vitabu alivyovitaja amevisoma majalada. Lorna aliomba aipoze kidogo. Nikakataa. Nimeipeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Ikhlas hakuniangalia usoni.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi Ikhlas ameleta bahasha: majibu ya mwandishi, kwa mhakiki wa kazi namba tatu. Ninachotakiwa kufanya ni kuandika neno moja, "nimeridhika", na kuyarudisha kabla ya saa sita mchana. Nisiporudisha, uamuzi wa kwanza unabaki.

Abdia amesimama mlangoni na pazia mkononi. Amenisihi nisifungue. Amesema niandike juu ya bahasha hapo hapo.

Lakini ni mhakiki gani anayetoa uamuzi bila kusoma? Mimi si mtu wa hivyo. Nikafungua. Mstari wa tatu tu: kelele nyingi kuliko akili. Mimi! Ambaye hakiki yangu ilisomwa mbele ya darasa kama mfano! Kashindwa kujibu hata swali langu moja la bei ya kiangazi, ameishia matusi. Mtu kama huyu akiachwa apite, elimu ya nchi hii itakwenda wapi?

Sasa ni saa tano unusu. Abdia anapaza sauti kwamba ni neno moja tu, na kwamba Katana ameonekana sokoni akipima dirisha la ofisi ya mhasibu mkuu. Nimemwambia asubiri kidogo. Dkt. Pauline alitaka adabu, na safari hii nimemtii: uamuzi wangu nimeuanza na hali ya mto, nikaenda majani ya Ndera, nikauliza afya ya mwandishi. Niko ukurasa wa nne, na hoja bado iko mbele.