Ua la Miiba Juu ya Kaburi la Thouvenin

Jumatano, 1 Novemba. Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Balaa. Nimekwenda makaburini na dada yangu Ginette kuwawekea wazazi maua, kama mji mzima wa Nancy ufanyavyo leo. Nikapitia kaburi la Gaston Thouvenin, mpinzani wangu wa miaka mingi katika kukusanya vioo vya kale, aliyefariki mwezi wa tano. Nilitaka tu kuona jiwe lake lina ukubwa gani. Juu ya jiwe, mahali pa wazi: chombo chake cha kioo chenye ua la miiba. Kimejaa maji na maua meupe ya krisantemu.

Nieleze kwa utaratibu, maana hata shajara inastahili kueleweshwa. Chombo hiki kina zaidi ya miaka mia. Ni kioo juu ya kioo: njano ndani, zambarau nje. Kisha tindikali ikala zambarau, likabaki ua peke yake, limeinuka, hata kipofu angelisoma kwa kidole. Maji yakiganda ndani yatapanuka. Kioo hakijui kupanuka. Na redio inasema jalidi itaanguka wiki hii.

Amekiweka pale mjane wake, Odile. Wiki iliyopita aliniita nimkadirie vioo vya marehemu. Nikamwambia hiki ni bandia. Nilikuwa na hakika atanipa bure, kama mtu anavyotoa sufuria kuukuu. Yeye akafikiri hivi: kama ni bandia, hakuna mwizi atakayekitamani, basi kinafaa kaburini. Mantiki safi. Sikuitarajia.

Alhamisi, 2 Novemba.

Kumwambia ukweli haiwezekani. Mji mzima utajua kwamba Mwalimu Husson alimdanganya mjane, na chombo kitauzwa Paris. Kukichukua pia haiwezekani. Kuchukua kitu kaburini ni wizi. Kukadiria vibaya ni maoni.

Mpango: kumwaga maji. Nimefika jioni kabla Mangin, mlinzi wa makaburi, hajafunga lango. Nimemwaga yote. Sasa nalala kwa amani.

Ijumaa, 3 Novemba.

Amani imekwisha. Odile huja kila asubuhi. Amekuta chombo kikavu, akakijaza hadi mdomoni. Ginette alikutana naye kwa mwoka mikate, akaniletea habari pamoja na mkate. Eti Odile anacheka, anasema maua yale yanakunywa kama marehemu mwenyewe alivyokuwa akinywa.

Mpango wa pili, wa kisayansi. Nilifundisha kemia miaka yote ile, si bure. Maji ya chumvi hayagandi upesi. Nimetia pakiti nzima na kukoroga kwa mwavuli.

Jumamosi, 4 Novemba.

Krisantemu zimekufa. Zimeinamisha vichwa kama wanafunzi waliofeli. Odile amemlalamikia Mangin kwamba kuna mtu anamchukia marehemu. Mangin ameapa kufungua macho. Nilikuwa nyuma ya msalaba wa familia nyingine, kofia mkononi, nikijifanya nasali. Niliwasalia watu nisiowajua mpaka miguu ikafa ganzi.

Odile amemwaga maji ya chumvi, akatia maji safi na maua mapya. Usiku wa leo jalidi. Sikupata nafasi ya kusogea. Mungu anajua nitakavyokesha.

Jumapili, 5 Novemba.

Kizima. Ukoko mwembamba wa barafu mdomoni tu, nimeuvunja kwa kidole. Nusura nilie.

Mpango wa tatu umenijia wakati wa chakula, Ginette akimimina mirabeli, ile pombe kali ya plamu zetu za njano. Pombe haigandi kirahisi. Na haina rangi. Nimebeba chupa chini ya koti, nikamwaga nusu ya maji na kujaza mirabeli. Ni ya mwaka mzuri, imekaa pipani. Iliniuma. Ila harufu yake, pale juu ya jiwe baridi, ilikuwa ya kiangazi.

Jumatatu, 6 Novemba.

Imefanya kazi. Baridi kali usiku, chombo kizima. Nimeongeza chupa ya pili.

Jioni Ginette amerudi kutoka kwa Odile macho yakimetameta. Ananiambia, "Kaka, kaa chini kwanza. Gaston alikuwa na mwanamke."

Nikauliza mwanamke gani. Akasema huyo huyo anayekuja kumletea mirabeli kaburini, kinywaji chake alichokipenda. Odile ameinusa mwenyewe. Eti kwanza aliyaua maua kwa wivu, kisha akaanza kuleta pombe. Odile hali chakula. Anapitia sura za wajane wote wa parokia, mmoja mmoja.

"Na chombo?" nikauliza.

"Kimeguswa na huyo mwanamke. Kesho anakitupa kwenye pipa la chupa tupu, pale pembeni ya soko. Unatetemeka nini?"

Nimesema ni baridi.

Jumanne, 7 Novemba.

Nimemkuta Odile kwenye lango la makaburi, chombo kwapani, anashuka kuelekea sokoni. Mangin pembeni yake, kama askari. Ilibidi niseme kitu. Niliufungua mdomo niseme ukweli, na nusu yake ikatoka.

Nikasema mirabeli ni yangu. Odile akasimama. Akaniuliza, wewe Mwalimu, uliyekuwa hata humsalimii? Nikasema ndiyo sababu. Nikasema nilimpenda Gaston kama ndugu, sikuwahi kumwambia, sasa naja jioni kunywa naye. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mangin akavua kofia.

Odile akanikumbatia, chombo katikati yetu. Nilikisikia kikigonga kifungo cha koti langu.

Akalia, akacheka, akasema, "Na mimi nilishamnunia marehemu wa watu! Nisamehe, shemeji."

Shemeji. Nikaona mlango umefunguka. Nikajiandaa kuomba, kwa unyenyekevu, kumbukumbu ndogo tu ya rafiki yangu. Akaniwahi. Akasema chombo hiki sasa ni chetu wawili na Gaston, hakitoki kwake tena. Akamtuma Mangin alete saruji akigandishe juu ya jiwe la kaburi.

Giza lilikuwa limeingia; nilishika tochi wakati Mangin anapaka. Ni fundi mzuri, kwa bahati mbaya. Chombo kimesimama ndani ya saruji hadi robo ya ua.

Jumatano, 8 Novemba.

Odile amesema ataningoja kila jioni, na bilauri mbili. Leo Ginette amekuja pia. Mirabeli inaisha na majira ya baridi bado hayajaanza.

Lakini nimelala nikafikiri kwa utulivu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Chumvi haikuwa kemia sahihi. Wala pombe. Saruji ina chokaa, na siki hula chokaa. Polepole, kijiko kwa kijiko, mtu akiinama kama anayesali. Kioo haikigusi kabisa. Kufikia Pasaka kitakuwa kimelegea, na rafiki mwema atajitolea kukihifadhi nyumbani kwake.

Nimenunua katoni nzima ya siki. Ginette anauliza kama tunasindika matango mitungini. Nimesema ndiyo. Sasa itabidi ninunue matango.