Lebo Elfu Mbili na Kiti cha Mkuu wa Stoo

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa stoo anastaafu Ijumaa. Meneja ametugawia rafu: nusu zangu, nusu za Miwani, karani mwenzangu asiyejua kucheka. Ambaye lebo zake za mistari zitasomeka kwenye skana ndiye atakayekalia kiti. Kiti ni changu! Nimeshamwambia mke wangu, naye keshamwambia mama yake. Miwani ameanza kwa kusoma kijitabu cha maelekezo. Kusoma! Mimi nimeanza kazi.

Jumanne, 4 Machi
Mistari myeusi inachosha macho. Nimechapa lebo elfu mbili kwa wino mwekundu. Zinapendeza kama kadi za harusi. Skana kimya. Nikaizaba kofi. Kimya. Miwani akasema, bila kuulizwa, kwamba mwanga wa skana ni mwekundu, kwa hiyo wino mwekundu inauona kama karatasi tupu. Akaninyooshea kijitabu. Nikamwambia nina kazi.

Jumatano, 5 Machi
Nimechapa upya, nyeusi. Lakini kila lebo ina nafasi nyeupe kushoto na kulia. Ya nini? Nimezikata zote kwa mkasi mpaka kwenye mistari yenyewe. Skana imegoma. Eti inahitaji ule weupe ili ijue mistari inaanzia wapi na kuishia wapi. Mbona mimi naona! Vidole vina malengelenge. Mama mkwe amepiga simu kunipongeza. Nimepokea pongezi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechapa tena, na weupe wake. Safari hii nimemalizia namba ya kila lebo kwa saba, tarakimu yangu ya bahati. Nayo imekuwa kosa! Miwani anasema tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Skana hurudia hesabu hiyo, na isipolingana, inakataa. Kwangu katika kila kumi inasomeka moja. Si nilisema saba ina bahati?

Ijumaa, 7 Machi
Majaribio. Rafu za Miwani zililia tii, tii, tii. Zangu ililia moja tu katika kila kumi. Nikasimama nyuma ya meneja nikalia tii kwa mdomo. Mara nne hila hiyo ilipita.
"Hebu funga mdomo," akasema meneja, "tuisikie skana."
Kiti amepewa Miwani. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amekuja na nguo mpya kumwona mkuu wa stoo. Nilijifungia bafuni. Mke wangu hasemi nami.

Jumapili, 9 Machi
Miwani hana kinyongo. Amenipa lebo mia tatu za mraba, zile za vidoa vyeusi badala ya mistari. Zikisomeka kesho, nitakuwa naibu wake. Anasema hizi ni imara, hata zikichafuka au kuchanika kidogo zinasomeka. Akanipa tena kijitabu, akisema nisome kwanza ukurasa wa kona ambazo skana huzitafuta. Kimefaa sana chini ya mguu mfupi wa meza.
Nimezichunguza. Kila moja ina vijisanduku vitatu kwenye kona, vilevile kwa zote. Mapambo tu! Nimevikata vyote, mia tisa.
Nimemwambia mke wangu kuhusu unaibu. Yuko kwenye simu na mama yake.