Jinsi Jina Langu Lilivyotoka kwenye Penseli Likaingia kwenye Wino

Tueni vikombe vyenu, enyi mliojaliwa masikio, niwasimulie vita kuu ya mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou, kule Uchina, mwaka tisini na nane, ambamo mimi Revocatus, Simba wa Selotepu, Mfunga Maboksi Asiyefungika, kilo hamsini na mbili pamoja na viatu, nilimwangusha jabari.

Jabari mwenyewe ni Bwana Harshad, mzaliwa wa Bombay aliyejifunzia Kiswahili Kariakoo, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Daftarini, majina ya waajiriwa aliyaandika kwa wino. Sisi vibarua, penseli. Na kila kibarua alipofikisha siku mia mbili thelathini na tisa, Harshad alishika ufutio, akamfuta, akamwanzisha upya toka moja.

"Kwetu Bombay," alijitapa mbele ya wateja, "kibarua akitimiza mia mbili arobaini, kumfukuza ni kesi! Mimi naheshimu sheria ya kwetu hata ugenini."

Nilifutwa mara mbili. Ya tatu, nilipofikisha tena mia mbili thelathini na tisa, hata ufutio hakuushika, akasema tu nisirudi kabisa: amenunua mashine ya kufungia. Nikaanza kukunja nguo zangu nirudi Biharamulo na begi lile lile, tupu vile vile.

Kumbe asubuhi yake mashine ikakwama, na lori la uwanja wa ndege likinguruma mlangoni kama farasi wa vita! Harshad akaja mbio chumbani kwangu, kandambili mguu mmoja.

"Revo bhai, ndugu yangu, njoo, saa moja tu!"

"Daftari kwanza," nikanena.

Akaiongeza siku hiyo upesi mbele ya jina langu, penseli, na tarehe. Nikafunga maboksi arobaini ya Mama Gaudiosa, mwuza nguo wa Mwanza. Lilipofungwa la mwisho, Harshad akainua ufutio.

"Ewe mwana wa Bombay!" nikanguruma, kipande cha selotepu kimenigandia kwenye nyusi. "Hesabu siku!"

Akahesabu. Akarudia. Mia mbili arobaini kamili!

"Saa moja siyo siku, bhai!"

"Wee Harshad," akasema Mama Gaudiosa, amekalia boksi lake, "si juzi tu umetujaza masikio na sheria yenu? Au ilikuwa ya kututambia? Haya, mfute. Na mimi nashusha mzigo wangu, boksi moja moja."

Ufutio ukaanguka. Kalamu ikatoka mfukoni polepole, kama upanga wa aliyeshindwa.

Enyi mnaoandika habari za falme, iandikeni siku hiyo, na muiandike kwa wino! Mimi nililipuliza jina langu mpaka likakauka. Kisha, kwa ushujaa wangu wote, nikalibandikia selotepu juu.