Dawa Yangu ya Noni na Mbwa Wetu Kapiteni

Alhamisi, 6 Juni
Watu wa kliniki ya wanyama wanakuja Jumamosi ukumbini. Dawa ya minyoo, matone ya viroboto, chanjo kwa ambao bado. Mke wangu Teremoana kasema nimpeleke Kapiteni, mtoto wetu wa mbwa, mapema kabla jua halijawa kali. Nikakubali. Kisha nikasikia ni nani anapanga foleni. Ngapoko! Dada mkubwa wa Teremoana. Shemeji yule hupanga foleni kama jemadari, na mbwa wake Malia, anayeng'aa kama kiatu cha mchungaji, lazima awe wa kwanza. Mimi nisimame nyuma ya mkia wa Malia? Thubutu! Nina akili zangu.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbini sikufika. Nilikata kona, nikamleta Kapiteni nyuma ya banda la nguruwe, liliko pipa langu la maji ya noni, lile tunda letu chungu linalonuka. Wazee wetu walitibu kila kitu kwa noni. Mbwa ni nini? Nikamwogesha kwa maji yake, nikamnywesha bakuli zima. Alinitazama kama mtu aliyeuzwa na ndugu yake. Harufu yake ni soksi za mchezaji raga aliyezikwa nazo. Lakini viroboto walikimbia! Niliwaona wakiruka kwa macho yangu. Sikuangalia wanatua wapi.
Teremoana kauliza mambo yalikwendaje. Nikamjibu kwamba sindano haikumuuma hata kidogo. Na kweli haikumuuma.

Jumapili, 9 Juni
Walitua kwangu. Kanisani nimejikuna tangu sala ya kwanza. Kwenye wimbo nilisalimika, kwa sababu sisi wanaume tunaoimba besi huwa tunayumba na kuguna. Wimbo ukaisha. Mimi nikaendelea. Ngapoko akainama kutoka benchi la nyuma: “Shemeji, Roho amekushukia, au ni viroboto?” Benchi zima likacheka. Nikasema ni joto. Mwezi wa Juni! Watu wamevaa masweta!

Jumanne, 11 Juni
Habari mbaya. Ule ugonjwa wa mbwa wa kuhara damu umeingia kijiji cha Matavera, na watoto wa mbwa wanakufa. Teremoana kashukuru Mungu mezani kwamba wetu ana chanjo. Nikasogeza sahani ya samaki pembeni. Nilimtupia Kapiteni kipande. Akakinusa, akakiacha. Kapiteni, aliyewahi kula sabuni!
Nimemwongezea noni maradufu.

Jumatano, 12 Juni
Asubuhi hakuinuka. Alikuwa ametapika, tumbo limevimba kama ngoma. Nikamwita. Mkia ukapiga sakafu mara moja tu, kama mtu anayeitikia kwa adabu. Tangu binti yetu Mere ahamie Auckland, huyu ndiye anayenipokea getini jioni.
Nikamweleza Teremoana yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimfunga Kapiteni kwenye kanga yake mpya, akasema: “Baba Mere, washa pikipiki.” Mimi njia nzima naomba tu, na kila shimo barabarani naliomba radhi.
Dokta Moeroa, binti wa watu, alimpapasa, akamtazama kinywani. Nikaungama kwa sauti ya chini kwamba mbwa hana chanjo na kosa ni langu. Akashangaa. “Huyu? Huyu ana chanjo zote. Mama Ngapoko ndiye aliyekuwa akimleta. Alisema shemeji yake ana kazi nyingi shambani.”
Kumbe mimi nikiwa kwenye magimbi, yeye anambeba mbwa wangu kwenye gari!
Siyo ule ugonjwa, basi. Ni minyoo, tumbo zima, na dawa yake ndiyo aliyotakiwa kuipata Jumamosi. Na juu ya minyoo kuna kitu kimemchoma utumbo. Dokta akanusa manyoya, akauliza nilimnywesha nini. Nikatazama dari. Teremoana ndiye aliyejibu.
Wametundika dripu. Atalala huko. Nimelia kidogo njiani. Vumbi.

Ijumaa, 14 Juni
Kapiteni yuko nyumbani! Ameshaiba samaki na kukojolea kiatu changu. Sijawahi kufurahia kiatu kilicholowa namna hii.
Ngapoko alikuja kumwona. Nikamshukuru, meno yameumana. Akacheka: “Aa, shemeji, nakujua. Ukisema ‘niachieni mimi,’ mimi natafuta ufunguo wa gari.” Teremoana akacheka mpaka akakaa chini.
Nilicheka nao. Ndani nawaka. Kachukua mbwa wa mtu bila ruhusa! Tena kamwokoa! Kijiji kizima kitasikia. Wema kama huu haufai kuachwa hivihivi. Jumatatu yeye huenda mazoezi ya kwaya. Nitamchukua Malia kimyakimya nimpeleke kliniki, naye aonje kufanyiwa hisani.

Jumatatu, 17 Juni
Mpango ulikwenda vizuri mpaka mlangoni pa kliniki. Malia alikubali kupanda pikipiki. Hakukubali kushuka. Kaning'ata mahali ninapokalia.
Dokta Moeroa kasema Malia amepata kila kitu, tangu zamani, hana hata kiroboto wa kusingiziwa. “Hapa asiye na chanjo ni wewe, baba.” Akanipeleka hospitali mwenyewe kwa gari lake, nimelala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma, Malia amekaa mbele kama bibi harusi. Nikadungwa sindano ya pepopunda. Muuguzi anadai nilizimia kabla haijanigusa. Uongo. Nilikuwa napumzika.
Wanataka nirudi kesho kubadilishwa bandeji. Nirudi? Nikapange foleni nimeteremsha suruali, na yule wa mapokezi ni mpwa wa Ngapoko? Kidonda chenyewe kidogo. Nimeshachuma majani ya mpapai na nimeyaponda na chumvi. Teremoana kauliza hospitali wamesemaje. Nimemwambia nimepona kabisa.
Naandika haya nimesimama.