Siku Mbili Arusha kwa Kempa

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hakuna wageni, hakuna kazi. Kambi zote za ukingoni mwa kreta zimelala. Mpishi wa safari mwezi wa tano ni kama mwamvuli mwezi wa tisa.

Silvanus amerudi. Huyu ni mume wa Marsela, mdogo wake mke wangu Selestina. Anauza vipuri vya magari hapa Karatu na hutembea kana kwamba gari ni yeye aliyelibuni. Amempeleka Marsela Arusha siku mbili, hotelini! Saa kumi walikuwa wamejaa sebuleni kwetu wakisimulia. Maji ya moto yanatoka ukutani. Taulo limekunjwa umbo la bata. Chai inaletwa na mtu ambaye hata humjui. Hilo la chai Marsela alilirudia mara tatu. Silvanus akaniuliza, eti shemeji, nawe huku ulikuwa ukifanya nini? Nikasema nilikuwa natafakari.

Walipoondoka, Selestina akaosha vikombe vyao, akafuta mikono, ndipo akasema. Jumamosi tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Hataki sherehe. Hataki kitenge. Anataka siku mbili Arusha, yeye na mimi, na katika siku hizo mbili asishike sufuria. Basi.

Nikamwambia aniachie mimi. Mwanamke huyu hajaniomba kitu tangu lile tangi la maji. Hili sitaliharibu.

Jumanne, 13 Mei

Wazo limenijia wakati natafuta soksi. Hoteli kila mtu anaenda. Hata Silvanus ameenda! Mimi nitampeleka mke wangu Arusha kwa kempa.

Kempa ni gari lenye nyumba mgongoni. Kitanda, meza, sinki, jiko la gesi, choo cha kujibana. Wazungu huikodi Arusha, wakaja nayo huku kulala porini. Ipo moja katika yadi anakofanya kazi Olais, inanyeshewa tu kwa kukosa wateja. Nimekwenda. Olais ni mtu wa kijijini Piyaya, mpole, haulizi maswali mengi. Leo ameuliza. Akataka kujua naipeleka wapi. Nikasema Arusha. Akaniangalia. Akasema gari hili watu hulitumia kwenda mahali pasipo na nyumba. Arusha nyumba zipo, Mpishi, tena nyingi. Nikamweleza kwamba huko ndiko kufikiri kwa zamani.

Tumekubaliana bei ya masika. Sharti lake moja tu: ikiwa mjini, isiachwe peke yake hata dakika. Wezi wa Arusha watafungua hata sinki. Nikaweka sahihi bila kusita. Nani atataka kutoka ndani ya kitu kizuri namna hiyo?

Jumatano, 14 Mei

Mpango ni siri. Nimemwambia Silvanus tu. Ilibidi.

Alicheka mpaka akashika kaunta. Akasema, kwa hiyo shemeji unakwenda mjini na nyumba yako mgongoni, kama konokono? Wateja wake nao wakacheka. Watu wa kununua plagi, wanacheka mambo ya familia! Kufika saa sita mji mzima ulikuwa unanipa pole ya safari.

Mchana nimepiga simu Arusha kutafuta mahali pa kuegesha. Hoteli ya kwanza nikamuuliza dada wa mapokezi kama wanapokea mgeni anayekuja na chumba chake. Akauliza, sasa kwetu unataka nini, baba? Nikasema mandhari. Akakata. Ya pili wakadhani nauza kontena. Mwisho nimempata binamu yangu Adrian, ana kiwanja Njiro. Amefurahi mno! Akasema tuje, tuje, watoto hawajaonja makande ya Mama Lilian, yaani Selestina, tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Kila kitu kinakwenda vizuri.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeileta kempa nyumbani. Ilibidi kung'oa nguzo moja ya geti na kukata migomba miwili. Selestina alisimama mlangoni akiwa na ndoo, akaitazama. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni yetu mpaka Jumatatu, ni zawadi yako. Akaweka ndoo chini. Akaingia, akagusa kitanda, akachungulia dirisha. Nadhani alitabasamu. Kulikuwa na giza humo.

Kisha majirani. Nusu ya mtaa! Walivua viatu vyenye matope kabla ya kupanda, kwa heshima, na kempa ikawa na harufu ya soksi. Katekista Sylvesta naye akafika na maji ya baraka, kwa sababu kitu kipya hakisafiri hivi hivi. Akasimama mbele ya boneti, akakwama. Akaniuliza: aibariki kama gari, au kama nyumba? Kama gari, ni sala fupi na matone mawili, watu waende zao. Kama nyumba, ni sala ndefu, kona zote, na baada ya hapo wenyeji huwalisha waliohudhuria.

Jibu la busara lilikuwa gari. Nalijua. Lakini Silvanus alikuwa amesimama nyuma pale, mikono mfukoni, akitabasamu. Nikasema kwa sauti kubwa: nyumba!

Sala ilichukua dakika arobaini. Choo kilibarikiwa peke yake. Watu waliokula: thelathini na mmoja. Selestina amepika kila kitu ndani ya kempa, kwa kuwa wote walitaka kuona jiko linavyowaka. Jiko lenyewe la plati mbili tu. Alitoka humo jioni uso umeiva.

Hapa nieleze jambo, asije mtu akanifikiria vibaya. Mimi ni mpishi, miaka ishirini na miwili. Watu wa nchi za mbali wamelia juu ya supu yangu ya boga. Lakini nyumbani sipiki. Si uvivu. Dereva akifika kwake haendeshi kitanda.

Ijumaa, 16 Mei

Selestina ameosha sufuria za jana mpaka saa nne asubuhi. Nilimsindikiza kwa mazungumzo.

Akaniuliza, Baba Lilian, huko Arusha nani atapika? Nikaona ana wasiwasi, nikamtuliza. Nikamwambia ndiyo uzuri wenyewe wa kempa: hatahangaika na jiko la mtu. Atakuwa na lake mwenyewe, hukohuko Arusha! Nikamwambia pia kuhusu Adrian na yale makande, kwamba amealika na wakwe zake, na kwamba tubebe mahindi na maharage.

Akaenda kupiga pasi gauni la bluu. Halafu akampigia simu binti yetu Lilian, anayefanya kazi Arusha, wakaongea Kiiraqw kwa sauti ya chini sana. Wanapanga mshangao, nadhani.

Dalili njema kila upande.

Jumamosi, 17 Mei

Saa moja asubuhi niliwasha injini. Magunia mawili ndani, sufuria kubwa, kuku wa kumpelekea Adrian kwenye choo. Nikapiga honi.

Selestina akatoka. Gauni la bluu, viatu vya Jumapili, mkoba mmoja mdogo. Akapita mlango wa kempa. Nikadhani hajauona. Nikapiga honi tena. Akarudi mpaka dirishani kwangu, akasema kwa upole kabisa kwamba kempa ni nzuri, Mungu ameibariki na kila mtu ameona. Lakini ina jiko. Lilian amemchukulia chumba Arusha, cha watu wawili, na yeye anawahi basi. Kama nataka kwenda naye, nishuke sasa hivi, mkoba utanitosha na mimi. Akangoja.

Nilishika kitasa. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilishika kitasa. Na ningeshuka. Lakini ng'ambo ya barabara Silvanus alikuwa amefungua duka mapema kuliko siku zote, ameegemea mlango, anakunywa chai. Nishuke mbele yake? Baada ya sala ya dakika arobaini?

Nikamwambia atangulie, nitamkuta.

Akasema sawa. Alitembea mpaka stendi bila kugeuka, akiruka madimbwi, na mimi nikimfuata nyuma na nyumba, taratibu, mpaka akapanda basi.

Safari ilikuwa shwari. Kuteremka Mto wa Mbu nyani wawili walipanda juu ya paa. Walishuka wenyewe walipochoshwa na mwendo wangu.

Jumapili, 18 Mei

Njiro. Jana jioni wakwe wa Adrian walikuwa kumi na wanne. Makande nimepika mimi. Mke wa Adrian akasema kumbe shemeji unajua! Na Mama Lilian huko nyumbani anafaidi, eh? Nikasema mimi hupika nikiwa kazini tu.

Leo saa nne asubuhi nilikwenda kwenye hoteli ya Selestina. Geti fupi, kempa ndefu. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akasema mimi niingie tu, mzee, karibu sana, ila gari libaki nje. Ningeingia. Lakini sharti la Olais! Nimetia sahihi.

Kwa hiyo nilisimama barabarani, mkono kwenye bodi. Kupitia uzio niliona mke wangu kwenye meza chini ya turubai, mbele yake kikombe, na mtu asiyemjua akimmiminia chai. Alikuwa amekaa tu. Mikono juu ya mapaja, haina kazi. Miaka ishirini na mitano, na sikuwa nimewahi kuiona mikono hiyo imetulia mchana. Nilisahau hata kupunga.

Akaniona. Akainuka nusu, akaonyesha kiti cha pili. Nikaonyesha kempa. Akakaa.

Baada ya muda mhudumu alikuja getini na sahani: mayai, mkate, kipande cha nanasi. Kutoka meza namba sita, akasema. Nililia wakati nakula, lakini kidogo, na pilipili ilikuwepo.

Jumanne, 20 Mei

Jana nimerudisha kempa. Olais akauliza mama ameionaje. Nikasema ameisifu.

Selestina alirudi kwa basi la jioni. Hakunikasirikia. Nilijiandaa kwa hasira, nikakosa pa kuitumia. Leo tumekaa jikoni, yeye akichambua mchele, akanisimulia bila haraka. Maji ya moto yanatoka ukutani kweli. Taulo lake lilikuwa tembo, si bata. Hakushika sufuria hata moja. Halafu akasimamisha mikono juu ya ungo. Akasema kitanda kilikuwa kikubwa, na usiku wa siku zote mbili alilala upande mmoja tu, ukutani, kama alivyozoea. Ule upande mwingine aliuacha vile vile umetandikwa. Akasema, mwaka ujao, Baba Lilian. Panapo majaliwa.

Nikamshika bega. Nimeguswa. Na nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, kwa utulivu, bila ubishi, kama mtu mzima aliyejifunza.

Kosa nimeliona. Kitanda cha hoteli ni kikubwa mno kwake. Cha kempa kingemtosha kabisa! Kesho alfajiri nawahi kwa Olais, niiweke nafasi ya mwaka ujao kabla wengine hawajaigundua.